Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: mfuko wa wananchi ubaki mikononi mwa wananchi

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu za wakazi wa Ngamiani. Nakuandikia nikiwa mwenyekiti wa mfuko wa jamii tuliouanzisha wenyewe, yaani michango yetu inayowekezwa ili faida yake isaidie wenye shida, na ombi langu ni kwamba fedha zake zisipitishwe kwenye akaunti ya halmashauri. Pendekezo la kuzipitisha huko tumeletewa kwa mdomo na ofisi moja ya umma, kwa hoja kwamba zitakuwa salama zaidi. Nia inaweza kuwa njema, lakini likitekelezwa wachangiaji watatukimbia.

Nenda kwenye msiba wowote hapa Tanga. Utakuta mzee anayeaminika amekaa na daftari la kaunta, pembeni yake kijana wa kuandika: jina, kiasi, taslimu au ahadi. Aliyetuma kwa simu naye anaandikwa. Wakirudi kutoka makaburini, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia anasimama na kusoma: kimeingia kiasi hiki, sanda kiasi hiki, gari, chakula, kilichobaki kakabidhiwa mjane. Watu wa kipato cha kubangaiza wanatoa, na wiki ijayo wanatoa tena kwa msiba mwingine, kwa sababu wanamjua mshika daftari na hesabu wameisikia kwa masikio yao. Mtu huyo huyo akigongewa mlango atoe mchango wa madawati, hana risiti wala hajui utaishia wapi, atasema hana kitu. Watu wetu si wachoyo, Ndugu Mkurugenzi. Wamechoka kutoa wasikokusikia tena.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba mifuko ya jamii ni mambo ya kuiga. Ni kweli wa kwanza kuitwa hivyo ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na mwanabenki Frederick Goff, na jirani zetu Kenya wana mfuko wao wa kitaifa wa maendeleo ya jamii, KCDF, tangu 1997. Lakini mwambao huu umeijua wakfu karne nyingi kabla ya hapo. Mtu anaweka nyumba au shamba la minazi. Mali haiuzwi, hairithiwi, na pato lake linatunza msikiti, kisima au yatima. Sisi tunafanya hivyo hivyo, ila mali yetu ni fedha, na mchangiaji anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo au yeyote. Mtaji hauguswi na mtu, inatumika faida tu. Chukua hatifungani (hati ya kuikopesha taasisi fedha kwa riba) ya mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ya mwaka 2024, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5: shilingi milioni 10 zikiwekwa humo huzaa 1,350,000 kila mwaka, na mwisho mtaji unarudi wote. Hizo ni sare na madaftari ya watoto wengi, bila kupitisha bakuli upya kila Januari.

Fedha ya namna hiyo haiwezi kukaa ndani ya bajeti inayofungwa kila Juni 30. Wala isichanganywe na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokwenda kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ile ni mikopo na lazima irudishwe. Bibi anayelea wajukuu watatu huko Makorora hawezi kukopeshwa nauli ya kwenda hospitali ya Bombo.

Hatukimbii kusimamiwa. Sheria ya wadhamini, Sura ya 318, ipo, na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ndiyo inayosajili. Njia hiyo tunaifuata. Mlete mwakilishi wa halmashauri aketi kwenye vikao vyetu kama mtazamaji. Turuhusuni tubandike hesabu zetu kwenye mbao za matangazo za kata, kila robo mwaka, hadi shilingi ya mwisho. Na hili nalisisitiza kuliko yote: wazuieni watendaji kukusanya chochote kwa jina la mfuko huu, hata kwa nia njema. Siku mtu mmoja atakapolazimishwa kutoa, na wale waliotoa kwa hiari wataanza kujiuliza.

Naomba jibu lako kwa maandishi, niwasomee wachangiaji kwenye mkutano wetu ujao.

Wako katika kuijenga Tanga,
Mwenyekiti wa mfuko wa jamii,
Ngamiani, Tanga