Rangi Iache Kwanza: Barua kwa Mwanangu Kuhusu Boti ya Alumini

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Picha za boti kuukuu uliyoinunua zimenifikia na nimezitazama moja moja. Hujapunjwa. Mbavu zimenyooka, mkuku, yaani uti wa chini wa boti, haujapinda, na ule unga mweupe unaokutia hofu ni alumini iliyochubuka juu tu, unafutika. Ila nasikia umeshaanza kuulizia bei ya rangi hapo Lindi. Rangi iache, mama. Rangi ndiyo kazi ya mwisho, na ukiitanguliza utakuwa umeyafunika maradhi yakiwa bado ndani.

Shika jambo hili kabla ya jingine lolote. Alumini ikiwa peke yake na ikipata hewa, hujifunika utando mwembamba unaoilinda, na ukiukwangua hurudi wenyewe. Inayoimaliza ni maji yaliyonaswa mahali pasipo hewa, au metali nyingine iliyoigusa ndani ya maji ya chumvi. Shaba, risasi, chuma cha kawaida: kimoja chochote kikikutana na alumini kwenye maji ya bahari, hapo pana betri kamili, na upande unaoliwa ni wa alumini. Ndiyo maana boti hizi hutoboka chini ya sakafu na kwenye matundu ya bolti, mahali ambapo macho hayafiki.

Iweke vizuri kwanza. Usiilaze kwenye mchanga, maana mchanga hushika unyevu na chumvi. Panga matairi au magogo chini ya mkuku kila nusu mita, omo, yaani mbele, iwe juu kidogo kuliko tezi, yaani nyuma, na kizibo cha ngama, pale chini ndani maji yanapotuama, ukitoe. Ng'oa sakafu yote, mabenchi yote, na kila zulia lililogundishwa. Osha ndani na nje kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, na sabuni ya vyombo. Kisima chenye ladha ya chumvi hakifai, bora ununue maji ya bomba. Kostiki soda usiisogeze kabisa, hata mtu akikuambia inang'oa rangi ya zamani upesi. Inang'oa rangi, kisha inaendelea kuila alumini, utaiona ikitoa mapovu. Rangi ya zamani itoe kwa kikwangua cha plastiki au cha mbao, halafu msasa wa maji, nawe uwe umeziba pua na mdomo, kwa sababu rangi za miaka ya nyuma nyingine zina risasi. Watoto na kuku wasiwe karibu na vumbi hilo.

Povu la njano lililo chini ya sakafu, kata kipande ukikamue. Likitoa maji, lote liondoke. Povu lililolowa halielei tena, na mbaya zaidi linalaza unyevu wa chumvi juu ya bati mchana na usiku. Hapo ndipo utakapokuta vishimo.

Sasa njoo kwenye tezi, na hapa usiwe na haraka. Ule ubao wa plaiwudi uliofungiwa katikati ya mabati ya tezi ndio unaobeba mashine. Ugonge kwa mpini wa bisibisi kutoka juu hadi chini. Penye mlio mkavu ni pazima, penye mlio mzito uliokufa pameoza. Ukitaka uhakika toboa tundu la milimita 3 kwa ndani: unga ukitoka mweusi na mbichi, ubao umekwisha. Mashine ya farasi 15 ya stroku mbili ina uzito unaokaribia kilo 40, na inaposukuma inaung'ang'ania ukingo wa juu wa tezi kwa nguvu zake zote. Ubao uliooza haupasuki siku moja. Unalegea, mashine inaanza kutikisika, bolti zinapanua matundu ya bati, kisha siku ya mawimbi mashine inazama. Kwa boti ya umri huo, badilisha ubao hata kama nusu yake bado inaonekana nzima.

Ubao wa zamani usiutupe, ndio kipimo chako, hata ukitoka vipande vipande. Upange juu ya kartoni na uchore ukingo wake. Mpya utengeneze kwa tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 18, zipate 36, lakini pima kwanza nafasi iliyopo kati ya mabati. Na hapa watu wengi wanapotea: ile plaiwudi yenye gamba jeusi au la kahawia wanayoiita marini bodi madukani ni ya kumwagia zege. Gamba lake halishiki gundi, na katikati huwa ina mapengo. Tafuta plaiwudi ya boti yenyewe. Ukiuziwa kwa maneno tu, omba kipande cha kiganja, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikauke, ukichemshe tena. Kikiachana tabaka, mrudishie mwenyewe. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani, kama baadhi ya nguzo za umeme, nazo hazifai hata kwa benchi: dawa ile ina shaba.

Gundi iwe epoksi ya sehemu mbili. Resini ya kawaida ya faiba, ile inayotiwa matone ya kigandisho, haishiki sana plaiwudi wala alumini. Epoksi nayo haiharakishwi kwa kuzidisha kigandisho. Uwiano ni ule ulioandikwa kwenye kopo, na ukiukosea inabaki kama ulimbo. Kwa joto la huku koroga gramu 200 kwa mara moja, alfajiri, na uimwage mara moja kwenye sinia pana, kwa sababu ikikaa imerundikana kwenye kikombe inajichemsha na kuganda kabla hujamaliza kupaka. Gundisha tabaka mbili, zibane usiku kucha, kata umbo, kisha paka epoksi nyepesi mara tatu, na kingo uzipake zaidi ya uso maana ndizo zinazokunywa maji. Kila tundu la bolti ya milimita 8 litoboe 14, lijaze epoksi nzito, ikiganda toboa upya milimita 8 katikati yake. Hapo maji yakipita kando ya bolti yanakutana na epoksi, hayaufikii ubao.

Kabla hujarudisha ubao mahali pake, pima uvujaji. Wengi huisukuma boti majini na kuchungulia ndani, lakini njia sahihi ni kinyume chake: maji yatie ndani, wewe ukae nje. Ila fanya hesabu. Sakafu ya mita 4 kwa mita 1.2 ikijaa maji ya sentimita 10 ni lita 480, karibu nusu tani. Kwa hiyo magogo ya chini yawe mengi na yagusane na mkuku wote, la sivyo utaipinda boti kwa mikono yako. Futa nje ikauke, subiri saa nzima, na kila panapotoa jasho au tone pazungushie chaki.

Ripiti, ile misumari inayoshikanisha mabati, nyingi zinazovuja hazijafa, zimelegea tu. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja nje anakandamiza chuma kizito cha kilo moja na nusu au mbili kwenye kichwa cha ripiti, mwingine ndani anagonga mkia kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, mapigo matatu manne ya uhakika. Usigonge mpaka bati likaanza kutanuka. Ripiti iliyokatika, au inayozunguka ndani ya tundu lake, toboa kichwa chake tu kwa drili bila kulitoboa bati, isukume nje, na uweke nene kidogo zaidi. Ripiti ngumu ya milimita 4.8 inatakiwa iache mkia wa milimita 7 hivi kabla ya kugongwa. Ukiwa mfupi haushiki, ukiwa mrefu unapinda. Chini ya kichwa tia gundi ya poliyurethani ya boti. Silikoni ya madirishani usiitie: ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inayoichubua alumini, na rangi haitashika tena mahali ilipopita. Zile ripiti za bastola zinazouzwa kila duka la vifaa ni tupu katikati na msumari wake mara nyingi ni wa chuma. Juu ya maji ruhusa kwa kitu kidogo, chini ya maji hapana.

Mafundi wa majahazi watakuja kukuonea huruma na watakuletea pamba na deheni. Wasikilize kwa heshima, kazi yao wanaijua na ubao unawatii. Lakini deheni ni chokaa na mafuta, na chokaa mbichi inaila alumini.

Vishimo visafishe kwa brashi ya waya usioshika kutu, mpya, ambayo haijawahi kugusa chuma. Brashi ya chuma au msasa wa waya wa jikoni huacha chembe za chuma ndani ya bati, na kila chembe ni kidonda kipya. Kishimo ambacho hakijafika theluthi ya unene wa bati kijaze epoksi. Kilichozidi hapo kinataka kiraka cha bati la alumini ya baharini, aina ya 5052 kwa mfano, kona zake zikiwa za mviringo, gundi katikati na ripiti pembeni. Bati la nyumba usilikate kiraka, mengi ni chuma kilichopakwa. Penye ufa toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa kabla ya kiraka, ndipo ufa hautatembea tena.

Na kuchomea? Fundi wa mageti, hata awe hodari vipi, kwa mashine yake ya vijiti hatakuwezea. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wake unahitaji zaidi ya 2,000, tena haigeuki nyekundu kukuonya: inatulia, kisha inadondoka tundu zima. Inataka mashine yenye gesi ya agoni na waya wa 5356. Kama ni lazima, subiri fundi mwenye vifaa hivyo, na kabla hajawasha moto tanki la petroli litoke na povu lote litoke, moshi wa povu lile ni sumu.

Yaliyobaki ni mepesi. Bolti zote ziwe za chuma kisichoshika kutu cha 316, kila moja na washa ya nailoni na gundi, isiguse bati ikiwa kavu. Kizibo cha shaba kitoe, weka cha plastiki. Funga zinki chini ya usawa wa maji, metali kwa metali, wala usiipake rangi, maana kazi yake ni kuliwa badala ya boti. Ikibaki nusu, badilisha. Waya hasi wa betri urudi kwenye betri, usitumie mwili wa boti. Na uwaambie wavuvi utakaowaazima: risasi za nyavu, sarafu na vipande vya waya wa umeme visiachwe kwenye ngama hata usiku mmoja.

Kwa kuelea, madumu ya lita 20 yaliyozibwa vizuri yanafaa kuliko povu. Boti ya kilo 150 ikijaa maji inabaki na uzito wa kilo 93 hivi, mashine inaongeza kama 30. Dumu moja linanyanyua kama kilo 19. Saba yanaishikilia tu. Weka 12, uyafunge kwa mikanda chini ya mabenchi, nusu kila upande, upate kama kilo 100 za akiba kwa watu wa kuning'inia. Yale maboksi meupe ya samaki usiyatumie, petroli inayayeyusha.

Rangi sasa. Msasa namba 80 mpaka bati ling'ae, futa vumbi, na praima ya epoksi au ile ya kuuma metali ipite siku hiyohiyo, ndani ya saa chache, kabla utando haujawa mnene. Nje tu. Ndani paache wazi, pakauke na paonekane. Rangi ya kuzuia chaza ukutani mwa boti mara nyingi ina shaba, na kwa alumini hiyo ni kuitoboa kwa fedha yako. Wewe utaivuta boti pwani kila jioni, huihitaji.

Mashine ikifungwa, lile bamba pana la juu ya pangaboi liwe sawa na chini ya boti au chini yake kwa sentimita 2. Tezi ya sentimita 38 inataka mguu mfupi, ya 51 inataka mrefu. Ukikosea, pangaboi itavuta hewa au itaburuta maji. Kama kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili. Oili ya gia ikitoka kama maziwa, sili imepitisha maji. Kila ukirudi, izungushe kwenye pipa la maji baridi dakika 10.

Majini ishushe wakati wa maji mafu, bahari ikijaa na kupwa kidogo tu, asubuhi, hapo hapo kwenye ghuba upande wa mji, usivuke ng'ambo kwenda Kitunda siku ya kwanza. Jaketi okozi kwa kila mtu. Zunguka robo saa, rudi, tazama ngama. TASAC, wakaguzi wa vyombo vya majini, wakija kukagua, waoneshe madumu na jaketi bila kusubiri waulize.

Kabla hujakata plaiwudi, nipimie kimo cha tezi, upana wake juu na chini, na nafasi kati ya mabati mawili, uniandikie kwa milimita. Piga picha ndani ya kona zote mbili za tezi, karibu, nione kama mabano yamepasuka. Nihesabie pia duara zote za chaki, ili ripiti nikuagizie Dar es Salaam zishuke na basi hapo Lindi.

Baba yako