Ukihama studio, usije na faili la projekti peke yake

Wiki iliyopita hapa studio kwetu Mwanga, Kigoma, tulipata wageni kutoka Kasulu, mwalimu wa kwaya na mama mmoja mhazini wao, wamekuja na basi la asubuhi, flashi wameifunga kwenye leso na leso imefundikwa kwenye pindo la kitenge cha yule mama. Nyimbo nane walisharekodi sehemu nyingine, wakataka sisi tuwafanyie miksi na masta tu, yaani kuzipanga sauti zikae pamoja na kuumalizia wimbo. Nikachomeka flashi nikaona faili nane, kubwa kuliko zote haifiki hata MB 1. Nikajua tayari, lakini nikafungua kwanza maana mtu katoka safari huwezi kumjibu kwa kuangalia tu. Projekti ikafunguka, treki zote, yaani ile mistari ya kila sauti, zipo na majina yake, soprano, alto, tena, besi, gitaa la solo, rangi zimepangwa vizuri kabisa, ila ndani ya treki kweupe, hakuna wimbi hata moja, na kompyuta ikatoa orodha ndefu ya faili ambazo haizioni. Nikabonyeza plei, ule mstari ukatembea kimya kimya mpaka mwisho wa wimbo. Yule mama akaniuliza, "Spika umeziwasha, mwanangu?"

Zilikuwa zinawaka. Na hii si mara ya kwanza wala ya tano, wanakuja hivyo kutoka Uvinza, wanakuja vijana wa hapahapa Gungu, wanakuja hata wanaovuka ziwa kutoka Kalemie, kwahiyo naomba niieleze vizuri mara moja ili mtu akijua aokoe nauli yake na jasho lake.

Lile faili la projekti mnalopewa, la programu ya kurekodi kama Cubase au FL Studio au Reaper au nini sijui, ndani yake hakuna sauti zenu. Lichukulieni kama daftari la mwalimu wa kwaya. Limeandikwa nani anasimama wapi, nani anaanza, wapi besi inaingia, wapi gitaa lishushwe, wapi mwangwi uongezwe. Waimbaji wenyewe hawamo kwenye daftari. Waimbaji ni zile faili za WAV zilizorekodiwa siku ile, na zinakaa kwenye folda nyingine ya kompyuta ileile, daftari linakumbuka tu njia ya kufika kwao, diski ipi, folda ipi, jina gani. Ukilibeba daftari peke yake ukaja nalo Mwanga, linatafuta ile folda kwenye kompyuta yetu, haipo, basi.

Dalili ya haraka ni ukubwa, hata kama hujui kompyuta unaweza kuangalia. Treki moja ya sauti iliyorekodiwa kwa 48 kHz na biti 24 (hivyo ni vipimo vya ubora wa kurekodi) inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano ni kama MB 43 kwa treki moja, kwaya yenye treki 20 hapo umeshafika karibu MB 860, na hapo ni teki moja moja tu, yaani kila mtu kaimba mara moja. Na nani anamaliza kwa teki moja? Kipindi cha mvua bati likianza kupigwa tunakata, tunasubiri, tunarudia, unajikuta una teki tatu za kila sauti, wimbo mmoja tu ukapita GB 2. Kwahiyo ukiambiwa "nyimbo zako zote hizi hapa" na flashi inaonyesha MB 3, usiondoke pale, kaa, muulize prodyuza kwa heshima, "kaka, na folda ya audio?"

Hata prodyuza mwenye nia njema anaweza kukupa folda isiyokamilika, hii ndo inaumiza zaidi. Biti ya muziki aliidownload ikabaki kwenye folda ya Downloads. Vokali za usiku zilirekodiwa kabla projekti haijasevuliwa kwa jina, zikaenda kukaa kwenye folda nyingine kabisa. Kwake zinafunguka zote kwa sababu njia bado zipo, kwako hazifunguki. Dawa ni kuiambia programu yenyewe ikusanye kila kitu sehemu moja. Kwenye Cubase kuna "Back up Project", kwenye Reaper ukisevu upya unaweka tiki pale pa kukopi midia zote kwenye folda ya projekti, FL Studio ina "Zipped loop package". Alafu, na hii watu wanairuka, ifungue ile kopi kwenye kompyuta nyingine kabla hujaondoka. Kwenye kompyuta ileile haikuambii ukweli, itaenda kuchukua faili za zamani palepale zilipo.

Kuhusu majina ya faili mimi huwa mkali kidogo na sitaacha. Ukirekodi bila kuipa treki jina, programu inaandika yenyewe Audio 01, Audio 02, na wimbo unaofuata ukiwa kwenye folda nyingine inaanza tena Audio 01. Kuna kijana alituletea nyimbo zake mbili zimechanganywa folda moja, faili zenye jina moja zimelaliana, tukatafuta faili zilizopotea, programu ikakubali bila kulalamika, tukaplei, kwenye korasi ya wimbo wa mapenzi ikaingia vesi ya wimbo wa kumuaga bibi yake. Alinyamaza muda mrefu. Ile vokali halisi hatukuipata tena mpaka leo. Ndo maana hapa kwetu hatubonyezi kitufe cha kurekodi kabla treki haijaandikwa jina, hata mteja akiona tunachelewa.

Na msikubali mtu abadilishe majina ya faili kwenye folda baadaye "ili ipendeze", hapo njia imekatika tayari. Jina linatolewa kabla ya kurekodi.

Jambo lingine lilitutokea sisi wenyewe, niliseme. Diski ilijaa, tukatumia ile amri ya kufuta faili zisizotumika. Projekti iliyofunguliwa haikuwa inazitumia zile teki, kweli, lakini ilikuwepo projekti ya pili kwenye folda ileile iliyokuwa inazitumia, toleo la remiksi. Zikafutika. Tuliwaita wale vijana wakarudia kuimba bila malipo, na tangu siku hiyo kila projekti ina folda yake peke yake na hakuna kufuta chochote mpaka kopi ya pili iwe kwenye eksteno, ile diski ya nje.

Kama studio ya kwanza inatumia programu tofauti na yetu, acheni projekti, ombeni kila treki itolewe kama WAV yake, na zote zianzie sifuri, hata kama mwimbaji wa tena anaingia dakika ya tatu hiyo dakika tatu ya ukimya ibaki. Zikianzia sifuri tunazipanga pamoja zinakaa zenyewe. Muulize pia prodyuza kama alirekodi kwa kHz 44.1 au 48, maana faili ya 44.1 ikiwekwa kwenye sesheni (projekti) ya 48 bila kubadilishwa, wimbo unakimbia karibu asilimia 9 na sauti inapanda kama nusu toni moja na nusu, mzee wa besi anasikika kijana. Na WhatsApp tuma kama dokumenti, usitume kama audio, itaminywa.

Flashi nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, faili moja ikizidi GB 4 inakataa hata kama nafasi ipo, kwahiyo usizipu nyimbo zote nane pamoja, weka folda za wimbo mmoja mmoja.

Hapa kwetu kukagua sesheni ni bure, unakaa tunafungua pamoja unaona kwa macho. Ukirekodi kwetu unaondoka na folda kamili, na sisi tunabaki na kopi mbili kwenye diski mbili tofauti kwa mwaka mmoja.

Wale wa Kasulu tulimpigia simu yule prodyuza palepale, akahangaika kutafuta siku mbili, Mungu amjalie, nyimbo sita folda zake zilikuwepo. Mbili zilishafutwa. Jumamosi hii kuanzia asubuhi studio imeshikwa, wanakuja kuziimba upya na safari hii yule mama kasema anakuja na flashi mbili. Mwenye sesheni ya kuangaliwa aje Ijumaa au Jumatatu, na abebe folda nzima hata kama hajui kilichomo.