Jibu la swali lako, mwanangu

Mwanangu, somo wa mamangu,

Assalaam aleikum. Juzi uliponiuliza kwa simu kama ukasomee sola au uhasibu wanaokusukumia shangazi zako, nilisema nitakupigia. Sikupiga. Jambo lenyewe lilitaka nikae nilifikirie, na mengine huniwia rahisi kuyaandika kuliko kuyasema.

Wajua nimekula kwa jenereta miaka 26. Umeme ukikatika hotelini, mimi ndiye niliyekimbilia kile chumba cha moshi wa dizeli, na sikio langu la kushoto lilipotelea humo. Leo paa zima ni paneli, na jenereta huwashwa kwa nadra. Sina kinyongo. Lakini iko siku moja sijakusimulia.

Paneli hazijamaliza mwezi, nikaagizwa kuangalia safu iliyokuwa haileti nguvu vizuri. Nikazima swichi kuu ya jumba kama nilivyozoea, nikapanda, nikazishika plagi mbili za waya nikazivuta. Palitoka cheche ndefu kama kidole, ya buluu, na haikukatika. Iling'ang'ania baina ya zile plagi, ikinguruma, mpaka plastiki ikayeyuka mkononi mwangu. Lile kovu nililokwambia ni la mafuta ya moto, ndilo hilo. Nisamehe uongo ule.

Sikujua kuwa upande wa paneli una swichi yake, na kwamba mkondo ulikuwa bado unaingia kwenye betri. Umeme wa nyumbani hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, ndipo cheche yake hufa upesi. Wa paneli ni DC, yaani mkondo wa upande mmoja, haushuki hadi sifuri, na maadamu jua linapiga, paneli haizimiki. Moja yaweza kuwa na volti kama 40; zifunge kumi kwa mfululizo, una 400 kichwani pako. Haya yote nilielezwa na kijana ambaye ningeweza kumzaa. Yeye aliyasoma darasani. Mimi nilikuwa na uzoefu wangu, na uzoefu ule ndio ulionipandisha juu bila hofu.

Kwa hivyo jibu langu ni sola, lakini uisomee. Usije ukajifunza kwa kunishikia ngazi. Pale Tudor, Mombasa, Poli yetu ya zamani, yaani Mombasa Polytechnic, ni chuo kikuu tangu 2013. Na ukipenda kuanzia chini, diploma ya umeme katika chuo cha ufundi haina aibu. Kisha utafute leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati ya serikali. Ina madaraja yake, na T3 ndiyo ya mitambo mikubwa, hiyo ya mahoteli. Kufunga paneli bila leseni ni kosa kisheria, ingawa mitaani kwetu utawaona wengi wakifanya hivyo.

Na usome kwa jicho la mtu wa Pwani. Vitabuni watakwambia paneli zetu zitazame kaskazini, kwa kuwa tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, na ziinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Ni kweli. Lakini mimi nimefungua bolti za chuma cha kawaida zilizoshika fremu za alumini, hazijafika miaka miwili, zimevimba kutu na kumomonyoka kama biskuti kwenye chai. Ni chumvi ya bahari hiyo. Kusi likivuma, hutua kila mahali. Atakayejua kufunga kazi ikadumu hapa hatakosa mkate.

Wale wanaouliza fundi mwanamke atapandaje paa, niachie mimi.

Na kama moyo wako bado uko kwenye mikoko, kama ulipokuwa mdogo, pia nitaridhika. Watu wa Gazi, kule Kwale, wanalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao tangu 2013, na pesa zimewaletea maji na vitabu vya shule. Huko nako kuna kupima unene wa miti na kupiga hesabu, si kupanda miche tu.

Mamako ametenga pesa ya chama kwa karo ya muhula wa kwanza. Mita yangu ya mkononi ya kupimia umeme nimeitia betri mpya na kuifunga kwa kitambaa, ni yako. Ukikata tiketi ya treni niambie saa, nije nikupokee Miritini.

Ni mimi babako.