Huduma ya intaneti msimu wa sikukuu
Ndugu wateja wetu wa Mji wa Kale, ofisi itafungwa tarehe 25 na 26 Desemba, ila fundi wa zamu atapokea simu. Kwa kuwa wageni kutoka bara huanza kujaa majumbani msimu huu, tafadhali wafungulieni mtandao wa wageni kwenye ruta badala ya kuwapa nywila ya nyumba, ambayo mtoto mmoja akishaipata huwa ya mtaa mzima. Wenye nyumba za kuta nene za mawe ya matumbawe watumie mkondo wa Wi-Fi wa 2.4 GHz, kwani ule wa 5 GHz, japo una kasi zaidi, hupenya ukuta kwa shida. Stima ikipotea, chomoeni ruta mpaka irudi na kutulia. Anayejiita fundi wetu akiwataka PIN ya M-Pesa, mkatieni simu.