Mwenye kutoa tarumbeta atoe na mwalimu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo kuhusu vijana wanaojifunza tarumbeta hapa Tanga, hasa wenye nia ya kupiga jazz. Kijana hukabidhiwa chombo leo, na wiki mbili baadaye yuko nyuma ya pikapu anasindikiza bibi harusi kutoka Chumbageni mpaka Ngamiani. Anapata chochote mfukoni, watu wanashangilia, na kila mtu anadhani ameiva. Mwaka ukigeuka, sauti za juu hazitoki tena, midomo imevimba, na yeye ndiye anayelaumiwa kwamba hana kipaji.

Kipaji hakina kosa hapo. Tarumbeta ya kawaida ni bomba la karibu mita moja na nusu lililokunjwa, lenye pistoni tatu, yaani vitufe vya kubonyeza kwa vidole. Pistoni ya pili hushusha sauti kwa nusu sauti moja, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili, ya kwanza kwa mbili, ya tatu kwa tatu. Vidole vikishamaliza kazi yao hiyo ndogo, mengine yote hutafutwa kwa pumzi na midomo, maana midomo ndiyo inayotetemeka na kutoa sauti. Anayeitafuta noti ya juu kwa kukandamiza chombo usoni anazuia damu. Midomo inakufa ganzi, naye anakandamiza zaidi. Louis Armstrong mwenyewe, mpiga tarumbeta maarufu wa jazz wa Marekani, aliumia midomo kwa namna hii, na katika miaka ya 1930 ilimbidi aiweke tarumbeta chini kwa miezi kadhaa. Na wale wanaovimbisha mashavu kwa sababu wameona picha za Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta mwingine wa jazz wa Marekani, waambiwe mapema: mashavu yakivimba, pembe za mdomo hulegea na pumzi hupotea. Yeye alifaulu pamoja na mashavu yale, si kwa sababu yake.

Mafunzo yanayojenga ni ya polepole. Mtoto aanze baada ya meno ya mbele ya ukubwani kuota, yaani kuanzia miaka minane au tisa. Siku za mwanzo atetemeshe midomo peke yake, kisha kwenye kipande cha mdomoni, ndipo ashike chombo kizima. Aanze na noti ya G iliyo katikati, bila kubonyeza kitu, aishike kwa mapigo manane, saa ikihesabu mapigo 60 kwa dakika. Halafu apumzike mapigo manane. Kupumzika ni sehemu ya zoezi. Dakika 15 mara tatu kwa siku zinamfaa kuliko saa moja mfululizo, kwa kuwa baada ya midomo kuchoka anachojifunza ni kukandamiza tu. Noti ndefu zikitulia, aongeze kupanda na kushuka kwa midomo pasipo kugusa pistoni, kutoka C ya chini kwenda G na kurudi. Miezi sita hivi ndipo nyimbo.

Sasa tuje kwenye jambo linalowakwamisha hata waliofunzwa vizuri. Tanga ni mji wa magitaa. Bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilijulikana nchi nzima kwa magitaa yao, na neno jazz katika majina hayo lilimaanisha muziki wa dansi. Mpiga gitaa hupenda kupiga katika funguo za C, G, A na E. Lakini tarumbeta ya kawaida, ukisoma C, inalia B bemoli, yaani B iliyoshushwa nusu sauti. Basi gitaa likipiga C, tarumbeta ipige D. Gitaa likienda G, tarumbeta iende A. Gitaa likienda A, tarumbeta iende B yenye dizi tano, yaani noti tano zilizopandishwa nusu sauti. Na gitaa likikaa E, tarumbeta iko F dizi, dizi sita nzima. Kijana aliyefundishwa skeli, yaani ngazi ya noti, ya C na F pekee akipanda jukwaani na bendi hubaki pambo. Skeli zote 12 zifundishwe tangu mwaka wa kwanza, moja kila wiki, kwanza kwa kuimba do re mi, ndipo kwa chombo. Anayeweza kuimba kipande cha gitaa atakipata kwenye tarumbeta katika ufunguo wowote, na huo ndio mlango wa kubuni papo hapo, ambako ndiko jazz iliko.

Joto letu nalo lina yake. Bomba likipata moto sauti inapanda, na kinanda cha umeme hakiisubiri. Mrija mkuu wa mbele uvutwe. Ukiuvuta sentimita moja umeongeza sentimita mbili za bomba, kwa kuwa una miguu miwili, na sauti inashuka takriban robo ya nusu sauti. Vilevile noti za D ya chini na C dizi ya chini huwa juu kidogo kuliko inavyotakiwa katika tarumbeta karibu zote. Hizo husahihishwa kwa kusukuma nje mrija wa pistoni ya tatu kwa kidole cha pete. Mrija huo ukiwa umeganda kwa kutu ya chumvi, mwanafunzi atapiga D mbovu miaka yote na kuamini ndivyo ilivyo.

Upepo wa bahari huku hauna huruma na shaba. Baada ya kupiga, maji yatolewe yote, chombo kifutwe kwa kitambaa kikavu na kirudi kwenye boksi lake. Pistoni zipate matone matatu au manne ya mafuta yake maalumu. Mafuta ya nazi huganda na kuzinasa. Mara moja kwa mwezi chombo kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, si maji ya moto, yanayobabua rangi. Kisima chenye maji ya chumvi hakifai. Wakati wa kurudisha pistoni, namba 1, 2 na 3 zifuatwe, la sivyo pumzi haipiti na mtu atadhani chombo kimekufa. Kipande cha mdomoni kikinasa, koleo lisiguse kitu: litapinda bomba. Na anayetoka kunywa soda asukutue kwanza, kwani sukari huoza ndani ya bomba. Kufanya mazoezi Raskazone jioni ni vizuri, ila chombo kisiwekwe mchangani.

Hatupingi kazi za harusi. Zinalisha watu. Lakini wapiga tarumbeta wawe wawili wapokezane, na gari likiwa kwenye mashimo wanyamaze, maana tuta moja linatosha kuvunja jino.

Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa jazz wa Afrika Kusini, alipata tarumbeta yake ya kwanza kwa msaada wa Padri Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuja kwetu kuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Huddleston hakuishia kwenye chombo. Alimtafutia pia mwalimu, mpigaji wa bendi ya manispaa ya Johannesburg. Mwaka 1956 Armstrong alituma tarumbeta yake kutoka Marekani, na ilipofika ilimkuta kijana ameshajua la kufanya nayo.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili na viongozi wa shule: kabla ya kununua tarumbeta kumi, nunueni nne, na fedha inayobaki imlipe mwalimu mwaka mzima. Darasa lisizidi watoto watano kwa wakati mmoja, mwalimu aweze kuona midomo ya kila mmoja. Tarumbeta wanaweza kupokezana, lakini kila mtoto awe na kipande chake cha mdomoni, saizi ya 7C inawatosha wengi, kwa ajili ya afya zao. Pamoja navyo ziwepo chupa mbili za mafuta ya pistoni na kopo la grisi ya mirija.

Wapiga tarumbeta,
Ngamiani, Tanga