Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo!

Chama chetu kilianza 2019 kikiwa na wanachama 6 na birika moja. Leo tuko 34. Katika maonyesho ya sayansi ya kaunti ndogo tuliibuka wa tatu. Shule zilikuwa nne, ila ushindani ulikuwa mkali mno.

Mradi wetu ni hamira, hii hii tunayonunua soko la Kibuye. Mheshimiwa, seli ya hamira hupiga hesabu kama mama wa nyumbani: chapati za kununua zikiwa tele, jiko huzimwa. Inositoli, malighafi ya mafuta ya utando wake, ikijaa nje, seli huipokea na kuiunga kwenye mafuta hayo. Asidi ya fosfatidi, aina ya mafuta inayotumika katika kuunga huko, hupungua, protini iitwayo Opi1 iliyokuwa imeshikwa nayo huponyoka, ikaingia kwenye kiini na kuizima jeni ya INO1, ya kutengenezea inositoli, ambayo ndiyo jiko lenyewe. Inositoli ikikauka nje, Opi1 hushikwa tena, INO1 huwaka, seli ikajipikia.

Nasi tumejipikia vya kutosha. Puto juu ya chupa hutuonyesha hewa ya hamira, lakini seli yenyewe ina upana wa mikromita 5 hadi 10 tu, na lenzi hatuwezi kujipikia. Hadubini yetu ya pekee imeota ukungu ndani ya lenzi. Hamira na ukungu wote ni kuvu, kwa hiyo ndugu amekuja kumficha ndugu yake.

Mwaka 2022 mgeni wa siku hiyo alitutangazia hadubini tatu. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma, fundi akatutengenezea meza tatu. Mwaka 2023 tukaambiwa ziko njiani. Meza zipo, moja sasa inawekewa vitabu vya kwaya. Hatulaumu mtu. Safari huwa ndefu, ingawa Kisumu ina bandari, reli na uwanja wa ndege.

Kwa unyenyekevu, Mheshimiwa, tunaomba hadubini mbili zinazokuza mara 400. Hata moja tutaipokea. Ahadi tunazo nyingi, kwa hiyo ukiona vyema, tuandikie tarehe.

Kabla ya chai, tafadhali pitia maabara uzione meza hizo. Mwalimu mlezi ana ufunguo. Mandazi utakayoandaliwa yameumuliwa na hamira iliyobaki kwenye majaribio.

Ni sisi wanachama,
Chama cha Sayansi.