Tuhesabu na wale ambao hawakufika wodini

Mhariri, salaam.

Kuna msomaji wenu aliandika kwamba chanjo ya korona haina maana kwa sababu wodi aliyolazwa ndugu yake zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamechanjwa. Mi sibishi alichokiona, inawezekana kabisa ni kweli. Nabisha hesabu yake.

Chukulia watu 1,000, wamechanjwa 900, hawajachanjwa 100. Wakizidiwa 9 kati ya waliochanjwa na 5 kati ya wasiochanjwa, ukiingia wodini unakuta vitanda 14 na 9 ni vya waliochanjwa, unatoka unasema si niliwaambia! Kumbe hao 9 wametoka kwenye watu 900, yaani mmoja katika kila mia, na wale watano wametoka kwenye mia moja tu. Halafu wapo ambao korona iliwapata ila chanjo imewakinga wasizidiwe, wakaugulia nyumbani, wamekohoa siku nne yakaisha, hao ukisimama mlangoni mwa wodi utawahesabu vipi?

Mi nimekaa siku kumi na moja kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mama yangu mkubwa, ana miaka 74, kisukari anacho, presha anayo, na alichanjwa. Kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, siku ya kwanza kilisoma asilimia 84, na mtu mzima wa afya anatakiwa awe 95 kwenda juu. Watu wananipigia, eti "si alichanjwa huyo, mbona kalazwa?", sijui walikuwa wanatoa pole au wanasuta. Jamani, tangu chanjo zianze kutolewa mwishoni mwa 2020 waliotangulizwa si ndo hao hao wazee na wenye kisukari? Sa ukimlinganisha yeye na kijana wa miaka 30 ambaye hajachanjwa, hapo hujapima chanjo, umepima umri.

Alipona, karudi kwa miguu yake. Siwezi kuapa ni chanjo peke yake maana alipewa oksijeni na pia deksamethasoni, dawa ya bei rahisi ambayo majaribio ya Uingereza mwaka 2020 yalionyesha inapunguza vifo kwa karibu theluthi kwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Mgonjwa mmoja si ushahidi, wangu wala wa yule msomaji.

Kilichoniuma ni kingine. Nesi alituuliza amechanjwa lini na dozi ngapi, tukaangaliana, hakuna anayejua, basi akaandika "amechanjwa" akaenda kitanda kinachofuata. Kadi tulikuja kuikuta chini kabisa ya mkoba wake imekunjwa mara nne, dozi ya mwisho ina zaidi ya miaka miwili! Na kinga inapungua kadiri miezi inavyokwenda, ndo maana wazee wanaambiwa warudie. Kwa hiyo kwenye daftari la wodi yeye na aliyechanjwa mwezi uliopita ni kitu kimoja, na hata aliyechanjwa juzi pia, ambaye mwili wake haujamaliza hata wiki mbili za kujenga kinga.

Mhariri, waandishi wenu wakipewa idadi ya waliochanjwa na kulazwa, wamwulize daktari umri wao, dozi ya mwisho lini, na wana magonjwa gani mengine. Maswali matatu tu, hayamalizi nafasi.

Kadi ya mama mkubwa nimeipiga picha, iko kwenye simu yangu na ya binamu zangu wote.

Msomaji wenu wa siku nyingi